Mwizi wa Bwawa la Kambale

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na hasira zimepungua angalau kidogo. Mama naye, goti lake linasemaje? Mwambie namsalimu sana. Mimi sijambo, ila macho bado yanawasha kwa moshi na nguo zangu zote zinanuka majivu.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara tatu. Pole sana, Baba. Umesema helikopta ya zimamoto ilishusha ndoo yake kwenye bwawa lako mara kumi na nne, ikaondoka na maji pamoja na kambale uliowalea mwaka mzima, na kwamba uliirushia kiatu kikaishia kutumbukia humohumo bwawani. Umeniagiza, maadamu nafanya kazi stoo ya kituo hichohicho cha zimamoto, nimsake huyo mwizi wa mchana kweupe nikuletee, umfundishe adabu. Haya, nimemsaka.

Kwanza nikueleze siku ile ilivyokuwa. Moto ulianzia msituni, saa sita upepo ukageuka, na baada ya nusu saa tu ulikuwa nyuma ya hospitali. Mganga mkuu alipiga simu akilia, mtu mzima yule, akasema ana wagonjwa arobaini na mmoja, na wawili wako mezani wanapasuliwa, hawahamishiki. Ziwa tunakochota maji siku zote liko mbali, kwenda na kurudi dakika ishirini. Kwa moto ule, ukirudi baada ya dakika ishirini unakuta vifusi.

Hapo rubani akaomba kwenye redio achote karibu. Mkuu wa kituo akauliza karibu wapi, maana ramani yake haikuonyesha hata kidimbwi. Rubani akajibu kwamba nyuma ya miti kuna bwawa la mzee mmoja mkali kama pilipili, ila ndoo ishuke pembe ya mashariki tu, kwingine itagota chini. Mkuu alishangaa, akakubali. Dakika tatu kwenda, tatu kurudi! Wauguzi waliokuwa uani na mabomba ya bustani walipiga vigelegele kila maji yalipomwagika. Safari ya kumi na nne, moto ukafa hatua thelathini kutoka wodi ya wazazi. Wote arobaini na mmoja wazima, Baba, na jioni wakawa arobaini na wawili, maana mama mmoja alijifungua. Mpishi wa hospitali naye aliokota kambale sita juu ya paa, bado wanapiga mkia. Amesema hajawahi kuletewa kitoweo kwa ndege.

Sasa huyo mwizi. Baba, nani mwingine anajua kina cha pembe ile? Tuliichimba wawili, mimi na wewe, likizo nzima, mpaka nikawa sionekani kichwa. Ni mimi. Stoo niliondoka miaka minne iliyopita, nikasomea urubani kimyakimya, kwa sababu uliapa kwamba ukiwa hai mtoto wako hatapanda hayo madude. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa helikopta peke yangu kwenye moto. Nilikuona ukirusha kiatu. Nilitamani kukupungia, lakini mikono yote ilikuwa kazini, basi nikacheka huku machozi yananitoka.

Kwa kukuficha miaka yote hiyo, nisamehe, Baba, nilikosa. Kwa maji yale siombi radhi, hata unichape. Ningerudi kuchota mara ya kumi na tano.

Jumamosi nakuja nyumbani. Mganga mkuu na wauguzi wake wanakuja nami, wamekodi basi zima, wanasema hawalali mpaka wamshike mkono mwenye bwawa. Nisalimie kaka na shemeji, na majirani wote uliowasimulia habari za mwizi. Waambie umempata.

Ni mimi kitinda mimba wako,

Rubani.