Kibuyu Kilichovuka Mto Lena

Alhamisi, 5 Juni
Zamu ya asubuhi. Wodi ya wazee imejaa. Nimewaosha wagonjwa tisa kabla ya chai. Miguu inawaka moto. Tramu kutoka Edgbaston, kisha basi hadi Lozells, mtaa wetu hapa Birmingham, nikaingia nyumbani nikakuta kunanuka kuungua.

Sargylana tena. Mchumba wa Kip, mwanangu. Msichana ana adabu, anapika vizuri, lakini jikoni ni mchafu. Kila akipika lazima adondoshe chakula kwenye moto wa gesi. Leo kipande cha samaki, juzi siagi. King'ora cha moshi kinalia, Kip anapunga taulo. Miaka miwili nalisugua jiko hilo, nikichoka namkabidhi sponji. Miaka miwili namwambia, "Mwanangu, sufuria iko hapa, moto uko kule." Ananiambia samahani, anacheka, na kesho yake anarudia.

Safari ni Jumatano. Siberia. Mimi, binti wa Kinandi kutoka Kapsabet, naenda Siberia.

Niandike sababu hapa nisije nikaisahau nikianza kulalamika. Sargylana ni Msakha, wenyeji wa huko Siberia, kwao ni mji mdogo kando ya mto Lena. Hana mama wala baba. Kalelewa na nyanya yake, wanamwita Ebe, ambayo kwa lugha yao ndiyo nyanya. Ebe amesema hatoi baraka mpaka amwone mama wa mwanamume kwa macho yake. Kwenye simu hataki. Na Sargylana amesema bila baraka ya Ebe haolewi. Kip hali chakula vizuri tangu Pasaka. Kwa hiyo naenda.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani habari zimefika kabla yangu. Mama Furaha, Mkongomani anayefanya kazi na Sargylana katika nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield, alinishika mkono mlangoni. "Ule mutoto, ni mimi njo nilimufundisha Kiswahili. Umuchunge muzuri."

Ndiyo maana Msakha huyu anaongea Kiswahili cha Bukavu, na Kip niliyemzaa mwenyewe ananijibu kwa Kiingereza. Dunia ina vituko.

Mwingine akaniuliza kama kwetu Nandi wasichana wameisha. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo hivyo, mwaka juzi, kwa sauti. Leo yameniuma.

Mkono mtupu haulambwi. Kwetu huwezi kwenda kwa wakwe bila mursik, maziwa yaliyolala kibuyuni na unga wa mkaa. Kibuyu ni cha marehemu mama. Mkaa ni wa mti wa senetwet, dada alinitumia kutoka nyumbani. Maziwa ni ya dukani, Mungu anisamehe. Yamekaa siku sita, yamekuwa mazuri kupita nilivyotarajia.

Jumatano, 11 Juni
Uwanja wa ndege, tunabadilisha ndege. Aibu.

Kip aliniambia niweke kibuyu kwenye sanduku. Nikakataa. Kibuyu cha mama yangu kirushwe rushwe na watu nisiowajua? Nikakibeba mkononi. Ulaya kote hakuna aliyekiulizia, sijui kwa muujiza gani, mpaka tulipofika hapa kwenye ukaguzi wa pili. Afisa akafungua kizibo, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Maziwa hayapiti, akasema. Kibuyu kitupu kitapita.

Nimwage mursik kwenye pipa la takataka? Nikaanza kunywa. Pale pale, foleni ikinitazama. "Mum, please," Kip anasema, uso chini. Nikampa kibuyu. "Kunywa. Umelelewa na haya." Akanywa. Tukamaliza pamoja, lita nzima na zaidi. Mzee mmoja kwenye foleni akapiga makofi. Tumbo langu sasa linanguruma kuliko ndege.

Sargylana alitutangulia siku chache. Sijui nitamwambia nini Ebe. Nimebeba harufu tu.

Ijumaa, 13 Juni
Tumefika. Ndege nne, gari, kisha kivuko. Mto Lena si mto, ni nchi ya maji. Nusu saa na zaidi kuvuka na ng'ambo bado nyembamba machoni. Hakuna daraja. Majira ya baridi magari yanapita juu ya barafu, Sargylana, aliyekuja kutupokea, anasema, kama mtu mwingine anavyosema basi hupita barabara kuu.

Nyumba za mbao zimesimama juu ya nguzo, maana chini ardhi imeganda. Juu ni joto kama Kisumu. Jua halitaki kwenda kulala. Mbu ni wakubwa na hawana haya.

Ebe alikuwa langoni. Mfupi, uso mpana, hereni za fedha zinazofika mabegani. Ana miaka themanini na nne. Alinitazama kutoka viatu hadi kilemba, bila haraka, kama mnunuzi wa ng'ombe. Nami nikamtazama vile vile. Nimempenda hapo hapo. Sikuonyesha.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeharibu.

Majirani walikuja. Meza ilijaa samaki, uji mzito unaoogelea kwenye siagi, malai yaliyopigwa na matunda ya porini. Kisha Ebe mwenyewe akaja na kikombe cha mbao kilichochongwa, kina miguu mitatu, wanakiita choroni. Ndani kumis, maziwa ya farasi jike yaliyochachushwa. Akanipa kwa mikono miwili.

Nikamuuliza Sargylana kama kina kileo. "Kidogo tu, Mama." Mimi sijaonja kileo tangu niokoke, mwaka ambao Kip alizaliwa. Nikaweka kiganja juu ya kikombe. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa.

Majirani wakaweka vijiko chini. Ebe akarudisha kikombe kwake kwa mikono ile ile miwili. Hakununa. Afadhali angenuna. Kip alinitazama kana kwamba nimempiga bibi wa watu kofi. Nina hasira naye, nina hasira na mimi, nina hasira na huyo farasi.

Jumapili, 15 Juni
Hakuna kanisa langu hapa. Nimeimba peke yangu dirishani, mbu wakaitikia.

Halafu akili ikaamka. Kibuyu ninacho. Mkaa ninao. Ng'ombe wapo. Jirani akanipa maziwa ya ng'ombe wake mdogo mwenye manyoya kama kondoo. Maziwa mazito, ya manjano juu. Nilipoyaona moyo ulichangamka.

Nikayachemsha, nikayaacha yapoe, nikapaka mkaa ndani ya kibuyu kwa ufito, taratibu, kama mama alivyonifundisha. Ebe alivuta kigoda akakaa kunitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Akachovya kidole kwenye unga wa mkaa, akalamba. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipoziba kibuyu, akakinyakua. Akanishika mkono, akanishusha ngazi hadi kwenye shimo lao chini ya ardhi. Barafu kila upande, nyama na samaki wamelala humo. Hapo ndipo wanapohifadhi kila kitu cha thamani. Sasa mursik ukiuweka kwenye barafu haulali, unakufa! Nikavuta kibuyu. Akavuta. Wanawake wawili wazima, mmoja mnene, mmoja mzee, tunavutana shimoni bila lugha. Mwisho nikafanya ishara ya mtoto anayelala akifunikwa blanketi. Ebe akaangua kicheko. Kicheko cha meno mawili. Tukakiweka karibu na jiko la kuni, akakifunga kwa shali yake mwenyewe.

Lakini baraka bado hajatoa.

Jumanne, 17 Juni
Kip amepanda farasi. Kip ameanguka kutoka kwa farasi. Ebe alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Nami nilicheka, baada ya kuhakikisha mfupa haujavunjika.

Tunaondoka Jumatatu. Sargylana alimuuliza Ebe anangoja nini. Ebe akasema anangoja kuona. Kuona nini? Akarudi kuchochea jiko. Kip anasukuma sahani kando mezani. Sargylana ana macho mekundu asubuhi. Wote wawili wananitazama mimi kwa upole, hawanilaumu, na huo upole unaniua.

Alhamisi, 19 Juni
Mursik uliiva leo. Mzuri ajabu. Rangi ya kijivu, mzito, ukali wa kutosha. Nikajaza kikombe cha kwanza, nikampelekea Ebe kwa mikono miwili kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikafikiri, sasa mambo yamenyooka.

Akanusa. Akainuka. Akafungua mlango wa jiko, akamimina motoni. Hakuonja hata tone. Maziwa yakalia motoni, moshi ukatoka.

Nikatoka nje. Nimekaa kando ya mto na daftari hili, nalia kama mtoto. Siku nne nimekibembeleza kibuyu kile. Nilikataa kikombe chake, naye ametupa changu motoni mbele ya mwanangu. Tumelipana. Basi. Turudi Birmingham kila mtu na wake.

Ijumaa, 20 Juni
Jana sikumaliza kuandika kwa sababu Sargylana alinifuata.

"Mama, unalia juu ya nini?"

Nikamwambia. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Hapana, Mama! Ku kwetu moto njo anakulaka wa kwanza. Kama kintu haiko muzuri, batu habaipatiake moto. Ebe anakupa heshima kubwa."

 Halafu nikaliona jiko langu la Lozells. Kile kipande cha samaki. Ile siagi. Miaka miwili ya kusugua.

"Kwangu pia?" nikauliza. "Jikoni kwangu?"

"Kila siku, Mama. Juu nyumba yako ibarikiwe."

Mimi ninayemwita mchafu. Msichana huyu anaiombea nyumba yangu kila siku, nami namkabidhi sponji. Nilimkumbatia nikacheka na kulia mpaka mbu wakaniingia mdomoni.

Tuliporudi Ebe alikuwa amekaa na kibuyu mapajani. Nusu ya mursik haipo. Kip anasema alijimiminia vikombe vitatu. Nikamwomba Sargylana amweleze kwa nini nilikataa kumis: kwamba baba wa Kip alipotezwa na pombe, kwamba niliapa nikiwa na mtoto mgongoni. Jambo hilo hata Kip sikuwahi kumwambia lote. Kip akalisikia hapo, kwa Kiswahili changu na kwa Kisakha cha Sargylana. Akaja akakaa karibu nami.

Ebe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache, na Sargylana akayatafsiri: "Nilijiuliza, mwenye anakatala kikombe yangu, mutoto wangu atamupokea?"

 Nimelala na swali hilo.

Jumamosi, 21 Juni
Ysyakh, sikukuu yao ya kiangazi. Mji wote uwanjani. Magauni ya rangi zote, fedha vifuani, farasi wamesukwa mikia. Saa ya jua kuchomoza tulisimama maelfu, tumeligeukia, viganja juu. Nikamkumbuka nyanya yangu kule Kapsabet, alfajiri, anatoka nje, anageukia mashariki kabla hajasema na mtu yeyote. Nilikuwa nimemsahau miaka mingi hivyo. Nikainua viganja na mimi.

Ebe akaja na choroni. Safari hii ndani ni maziwa matupu ya farasi, ya asubuhi hii, hayajachacha. Alimtuma jirani amkamue farasi kwa ajili yangu. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa yote mpaka kwenye mbao. Nikamwambia kwa Kiswahili, akaelewa asielewe, "Nimempokea mtoto wako. Nilichelewa, lakini nimempokea."

Ebe alitoa baraka. Ndefu, kama mto. Aliwashika mikono Kip na Sargylana akawanyunyizia kumis, akaunyunyizia moto, akazinyunyizia nyasi. Halafu akanigeukia mimi. Zamu yangu.

Kwetu mama hubariki kwa mursik, na kibuyu nilikuja nacho. Unaweka kinywani, unawapulizia vifuani. Sikufikiri. Nikapuliza. Umati ukashtuka, mtu mmoja akapiga kelele, walidhani nimemtemea bibi harusi! Kip alitaka kuzama ardhini, lakini ardhi ya huko imeganda. Sargylana hakufuta hata tone. Na Ebe? Akanyoosha gauni lake, akatoa kifua mbele, akasubiri apulizwe na yeye.

Nikampuliza. Uwanja ukalipuka kwa vicheko.

Tukaingia kwenye ngoma ya duara, mkono kwa mkono, kufuata jua linavyozunguka. Magoti yangu yamekufa. Sijawahi kufurahi hivi tangu Kip azaliwe.

Jumatatu, 23 Juni
Kivuko. Ebe alikuja hadi majini. Nimemwachia kibuyu cha mama na mkaa wote. Amenipa choroni yake.  Alinionyesha ile ishara ya mtoto anayefunikwa blanketi, akamwonyesha Sargylana kwa kidole. Nimeelewa.

Jumapili, 29 Juni
Lozells. Mvua kidogo. Kanisani wameniuliza habari za safari, nikawaambia mkwe ninaye, tena mwenye adabu kunizidi. Yule wa wasichana wa Nandi akafungua kitabu cha nyimbo.

Choroni iko juu ya rafu, kando ya birika.

Leo nimepika mimi. Ugali, sukuma, samaki. Kip na Sargylana walikuwa wanapanga sahani. Nikafungua dirisha kwanza, kwa sababu ya king'ora. Halafu nikachukua kipande cha samaki, cha mgongoni, kilicho kizuri kuliko vyote, nikakiweka kwenye moto wa gesi.

Sargylana aliona.  Akaenda kuchukua sponji, nikamwambia aiache. Tukaketi tukala.