Mtandao wa Chumba cha Eda

Jumamosi, Ujiji. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua inatishia tu hainyeshi, na joto ni lile la kunata.

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote nitakayoandika hapa.

Sijachoka kwa kulima wala kwa kubeba ndoo. Nimechoshwa na kidude cha plastiki kidogo kuliko kidole gumba, kinaitwa adapta ya Wi-Fi, ambacho kazi yake ni kuipa kompyuta mtandao bila waya. Kazi moja tu. Hata hiyo kimenifanya niilipie kwa machozi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: baba yetu alifariki mwezi uliopita, na mama yuko eda. Hatoki. Anakaa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, wageni wanaume wanaishia barazani. Shangazi, dada yake marehemu baba, amehama kwake Katubuka akaja kulala naye chumba kimoja mpaka eda iishe. Mimi naishi Bangwe na mume wangu, nafundisha jiografia, na kila nikitoka shule napitia hapa kwanza. Nyumbani kwangu siku hizi nafika kama mgeni.

Wiki hii ikaja simu kutoka Kalemie.

Alikuwa Zaina, binti wa mama mdogo. Mama mdogo ni mdogo wake mama wa tumbo moja, alibaki Kongo mama alipovuka kuja kuolewa huku. Anaumwa, muda mrefu sasa. Zaina alisema wamerudishwa nyumbani kutoka hospitali, na alivyolitamka hilo neno "wamerudishwa" sikuuliza zaidi. Akasema mama yake kila akiamka anamuulizia yaya wake. Kule dada mkubwa wanamwita yaya.

Wakati mwingine wowote mama angepanda boti. Hilo ziwa ameshalivuka akiwa na mimba, akiwa na magunia ya dagaa, akiwa anatapika njia nzima. Sasa hawezi. Eda ni eda. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi nionyeshe uso wake. Sauti yake ninayo. Uso ndio umeanza kunipotea."

Nikamwambia nitakuonyesha. Nilisema upesi, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani.

Simu haikufaa. Mama ana mtoto wa jicho, kwenye kioo cha simu anaona ukungu na kidoa katikati. Tena kile chumba kuta zake ni nene, simu yangu humo ndani inashika kijimstari kimoja, ukipiga video mtu anaganda mdomo wazi. Lakini kaka ana steshenari hapa mbele ya nyumba, na mtandao wake una kasi. Ana pia laptop ya zamani yenye kioo kipana. Humo mama angeweza kumwona mtu. Shida ilikuwa moja, Wi-Fi ya ndani ya hiyo laptop ilishakufa kitambo. Fundi mmoja wa Mwanga akaniambia dawa yake ni adapta ya kuchomeka pembeni, kazi rahisi, hata mtoto anaiweza.

Rahisi. Neno hilo nimelichukia.

Adapta ilikuja na kisahani cha CD chenye programu ya kuiwezesha, ile wanayoiita draiva. Laptop haina mahali pa kuweka CD. Nikampigia fundi, akasema hamna neno mwalimu, ipakue draiva mtandaoni. Nikamuuliza, mimi natafuta mtandao, wewe unaniambia niingie kwanza mtandaoni ndiyo niupate? Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Nikaipakulia dukani kwa kaka, katikati ya wateja wa fotokopi, nikaiweka kwenye flashi. Ya kwanza ikakataa, kumbe ni ya toleo jingine la Windows. Ya pili ikaingia, ikaniomba nizime kompyuta na kuiwasha, nami nikatii. Alhamisi jioni kile kidude kikawasha kitaa cha buluu, kikaanza kupepesa. Kwa kuwa mle ndani mtandao ni hafifu, nilikiunga kwa waya mrefu, nikakiweka nyuma ya pazia, juu ya ukingo wa dirisha la uani, upande linapoelekea duka. Jina la mtandao wa kaka likatokea. Nikaandika nywila. Ikaunganika.

Sikuamini. Nilimpigia Zaina hapo hapo, akasema mama yake kalala, dawa ni kali, tufanye Jumamosi asubuhi ambapo huwa na nguvu kidogo. Sawa. Nikaacha kila kitu palepale, nikawaonya watu wote wa nyumba hii wasiiguse laptop. Nilisema laptop. Dirisha sikulitaja.

Jana nilirudi shule nimechoka, sikuwasha chochote.

Leo asubuhi nawasha, hakuna mtandao.

Kompyuta inasema adapta ipo, nzima, haina tatizo. Lakini mitandao iliyo karibu, hakuna hata mmoja. Wa kaka haupo, wa jirani haupo, utadhani Ujiji nzima imehama usiku.

Nikafuta draiva, nikaiweka upya. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya kwenye laptop, nikauhamishia tundu jingine. Nikaenda dukani nikazima na kuwasha kile kisanduku cha mtandao, kaka akanikunjia uso maana alikuwa na mteja anayejaza maombi ya kazi. Nikampigia fundi. Akanipitisha sehemu za kompyuta ambazo sikujua kama zipo, bonyeza huku, ondoa tiki kule, rudi nyuma, mpaka naye akachoka. Akasema labda umeuziwa feki. Nikamkumbusha kwamba aliyeniuzia ni yeye.

Muda wote huo mama amekaa kitandani, anasubiri. Eda haimruhusu kujipamba, lakini alikuwa ameoga mapema, amekata kucha, na kanga ameibadilisha mara mbili. Hakuniuliza kitu. Ingekuwa afadhali angeniuliza.

Shangazi yeye alikaa mkekani karibu na dirisha, anachambua mchele. Kila nikiguna ananiambia, pole, mwana wanje, yaani mwanangu. Akaniletea chai. Akaniombea dua. Akasema vitu vya siku hizi vina hila, na kwamba zamani mtu akitaka kumwona ndugu yake alikuwa anafunga safari tu.

Milima ya Kongo tunaiona kwa macho kutoka hapa siku isiyo na ukungu. Naichora ubaoni kila muhula. Na uso wa mtu mmoja tu ukanishinda kuuvusha.

Zaina akaandika kwenye simu: ameamka. Kisha akaandika: amekunywa uji. Kisha: anauliza kama yaya yuko tayari. Kisha: ameanza kuchoka, dada.

Hapo nikalia. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nalia mbele ya kompyuta. Sikutaka mama anione, nikainuka nikaenda dirishani nikalivuta pazia kidogo nipate hewa.

Juu ya ukingo wa dirisha palikuwa na sufuria ndogo ya maziwa, imepinduliwa kifudifudi. Waya wangu umeingia chini yake kama mkia wa panya.

Nikageuka. Shangazi hakuinua hata macho kwenye ungo.

"Lile jicho lilikuwa linamkonyeza wifi yangu usiku kucha," akasema. "Nimelifunika."

Alidhani ni kamera. Usiku ule wa Alhamisi alilala akiutazama ule mwanga wa buluu unawaka na kuzima dirishani kwa mjane, dirisha lenyewe linaelekea uani ambako wanaume wanapita, na alipomaliza swala ya alfajiri akaona lazima afanye kitu. Alianza na kitambaa, mwanga ukapenya. Ndipo akachukua sufuria. Kuniuliza hakutaka, alisema, asije akaniaibisha mbele ya mama yangu. Kisha leo amekaa hapo kando ya sufuria asubuhi nzima, ananipa pole.

Nilitaka kukasirika. Wallahi nilitaka. Nikafungua mdomo nikakuta hasira yenyewe imechoka. Mtu na uzee wake analala sakafuni tangu msiba, anamlinda mke wa kaka yake. Mimi nimeleta kidude kinachopepesa, nimekitega dirishani, na sikumwambia mtu yeyote ni nini. Ningekuwa yeye ningekitupa chooni.

Nikaiondoa sufuria. Mitandao ikarudi yote, wa kaka, wa jirani, hata mmoja wa mtu nisiyemjua. Nikamwonyesha shangazi kamera yenyewe ilipo, kile kitundu cha juu ya kioo. Akakikagua. Akauliza upande wa pili kuna nani, nikamwambia mama mdogo na Zaina. Hakuna wanaume? Hakuna. Akamtengeneza mama mtandio, akarudi kwenye mchele wake.

Tukapiga.

Kioo kikawa cheusi. Sauti ikaja, nyembamba, inapumzika katikati ya maneno. Salamu zikaenda, zikarudi. Mama akawa anaisogelea ile laptop, anapepesa macho, anatafuta. Nikadhani video ya kule imegoma, nikamwambia Zaina awashe kamera. Aliyejibu ni mama mdogo mwenyewe.

"Nakatala, yaya. Niache tu hivi."

Mama akauliza kwa nini. Mama mdogo akasema huu si uso wa kuonyesha tena, hataki mama abaki nao. Abaki na ule wa zamani, ndio wake. Akasema yeye kwa upande wake anamwona mama, anamwona vizuri kabisa, na tafadhali asiondoke hapo.

Nilimtazama mama. Alikuwa na haki ya kuniambia, wewe si uliniahidi uso? Hakunigeukia hata kidogo. Aliivuta laptop mapajani, akausogeza uso wake karibu na kile kitundu nilichomwonyesha shangazi, macho yake mabovu yanatazama weusi mtupu. Kisha akauondoa mtandio kichwani, nywele zote nje. Shangazi akaendelea kuchambua mchele.

Kutoka kule kikaja kicheko kidogo kilichogeuka kikohozi.

"Unazeeka sana, yaya."

"Mimi najionyesha, wewe unajificha," mama akamjibu. "Nani mzee hapo?"

Wakacheka wote wawili. Sijamsikia mama akicheka tangu baba aondoke, na nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake kinaanzia puani. Baada ya hapo wakahamia lugha ya kwao, ambayo sisi watoto hatukufundishwa, nami nikawa naelewa kwa macho tu. Mama aligeuza uso upande huu, akageuza upande ule. Akafungua mdomo, akaonyesha pengo la jino. Akanyoosha mikono, kiganja, halafu mgongo wa kiganja. Kila alichoombwa akakileta mbele ya kioo, taratibu, bila haya.

Nilikaa chini, mgongo ukutani. Kumbe siku zote hizi nahangaika ili mama amwone mdogo wake, na wala haikunipitia kichwani kwamba aliye na haja ya kuona, tena haja ya haraka, ni yule wa kule. Sisi ndio tutabaki kuonana. Yeye ndiye aliyekuwa anakusanya.

Sauti ikaanza kukatika. Safari hii haikuwa mtandao, ilikuwa pumzi. Zaina akasema inatosha kwa leo, mama mkubwa atusamehe. Mama akajitanda tena mtandio wake, akakunja kanga, akaniambia nisizime, niiache iwake. Nikamwambia, mama, kule wameshakata. Akasema anajua.

Naandika haya uani, alasiri, laptop ya watu mapajani. Mama amelala. Kabla hajalala amenipa kazi, kesho baada ya uji nimuunganishe tena, kuna mambo hajamaliza kumwonyesha mdogo wake. Ana kovu la mguuni walilolipata pamoja mtoni wakiwa wadogo, anataka kumwonyesha kwamba bado lipo.

Nimemwambia sawa. Kesho nitawasha, nitapiga, naye atausogeza uso wake kwenye kile kioo cheusi na kugeuka huku na huku kwa yule asiyemwona.

Na siku nitakayopiga, simu ikaita, ikaita, Zaina asipokee, mama amekaa pale kitandani amekwisha kuoga, ananisubiri nimweleze. Nitamwambia ni mtandao?