Alama Tatu kwa Msumari

Masisi, Jumanne jioni

Nimeificha lenzi ndani ya sanduku la Biblia. Binti yangu Furaha akijua kwa nini nimeichagua, atanipokonya kamera, nami nitakufa nikiwa nimeketi tu mlangoni. Sitaki.

Leo muuzaji, Mnande wa Butembo, aliniwekea mezani lenzi mbili za mtumba.

"Papa Mwalimu, kamata hii, inalenga yenyewe. Ile ingine iko muzee kukupita!"

"Basi tutazeeka pamoja. Punguza bei."

Alicheka, akaniongezea na kifuniko chake.

Inayolenga yenyewe ni ghali, tena hujichagulia hata mbuzi aliye nyuma ya mtu. Hii ya zamani inazungushwa kwa mkono, na pete yake hugota mwisho. Nimeikwangua alama tatu kwa msumari: hatua mbili, hatua tatu, hatua tano.

Kesho nakwenda kambini Lushebere, kwa waliokimbia vita. Wale akina mama walikimbia bila picha hata moja ya watoto wao. Nitamwambia kila mmoja asimame na wanawe, nitahesabu hatua kutoka walipo, nitapapasa alama, nitapiga. Moyo wangu ukisimama njiani, usimame wakati wa kurudi.

Furaha, ukisoma haya nikiwa nimeshazikwa, usimkasirikie muuzaji. Hakujua. Hata mstari huu naufuata kwa kidole. Tangu mvua zilizopita sioni tena sura ya mtu, hata yako.