Jina Nililolifuta Kwenye Mazishi ya Mama

Dada Nyambura,

Nilikupoteza Alhamisi tuliyomzika mama, miaka minne na miezi miwili iliyopita, kati ya saa tisa na saa kumi jioni. Saa tisa ulikuwa nyuma ya nyumba ukiosha sufuria. Saa kumi hukuwepo. Namba yako ya simu sasa iko kwa mzee mmoja wa Kitale ambaye ameshanizoea. Akiona ni mimi hasemi hata halo. "Si yeye, kijana. Bado si yeye." Ndiyo maana nakuandikia hapa hadharani. Wewe usiposoma, kuna mtu atakuonyesha.

Siku kumi na moja zilizopita nimepata mtoto wa kike, wa tatu. Wa kwanza ana jina la mama yetu, wa pili ana la mama ya mke wangu. Wa tatu, unajua vile kwetu tunaita, huchukua jina la dada mkubwa wa baba. Jina lake ni lako. Lakini siwezi kulitoa bila kukuuliza, kwa sababu ya kile nilichokufanyia siku ile. Nitafika hapo. Wacha kwanza nikumbushe nyumba tuliyotoka, usije ukawa umebaki na hiyo Alhamisi peke yake.

Ulikuja kwetu Gatuanyaga ukiwa na miaka tisa, mimi minne, wiki ambayo mama yako mzazi, dada ya mama, alizikwa. Ulikuwa na mfuko mmoja wa nguo na kuku aliyefungwa miguu. Mama hakutoa hotuba. Alituambia, "Huyu ndiye mkubwa wenu sasa," akachukua kikapu akaenda kuchuma kahawa ya wenyewe. Wairimu alikuwa anatambaa. Mbugua alikuwa bado tumboni. Miaka miwili baadaye baba akafariki, na hapo ukawa mkubwa kwelikweli.

Wewe ndiye uliyesonga ugali kila jioni, na ukoko hakuugusa mtu mwingine. "Ukoko ni mshahara wangu," ulisema, ukikwangua sufuria mbele yetu polepole, kwa makusudi, mpaka Mbugua alie. Kisha ukimwonea huruma ulimvunjia kipande kidogo cha ukubwa wa kucha, na kumwambia hiyo ni advansi.

Mtoni tulienda mara mbili kwa siku, Jumamosi mara nne. Mimi nilihesabu hatua kwa sauti, mia nne na kumi na mbili kutoka majini hadi mlangoni, na wewe mbele yangu umeinama, mtungi wa lita ishirini mgongoni. "Endelea kuhesabu," ulinirushia. "Tukifika utaoga na hizo hesabu zako." Sikujua kwamba nilikuwa nasoma. Leo naangalia dirisha la mteja na kumwambia vipimo kabla fundi hajatoa futi, na watu hudhani nilisomea chuo.

Na kahawa. Likizo ya Desemba tulichuma sote, na jioni foleni ya kupima ilikuwa ndefu. Karani alitaka kila debe lifurike mpaka punje zimwagike chini, na zilizomwagika hazikuhesabiwa. Mama aliongeza. Wanawake wote waliongeza. Wewe, miaka kumi na tatu, ukaweka debe lako juu ya mizani, limejaa sawa na ukingo.

"Ongeza," akasema karani.

"Debe ni debe, karani. Ukitaka mlima, Kilimambogo ni pale."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mama aliangalia pembeni kama mtu asiyekujua, lakini nilimwona mabega yakitikisika. Karani aliandika debe moja. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mlikuwa na vita vyenu, na kila Jumamosi alikuandikia.

Sitaki kusema mambo matamu yasiyokuwepo. Funza walikuwepo. Njaa ya mwezi wa tano ilikuwepo, na mabati yalivuja mahali pale pale miaka yote. Lakini sikumbuki siku hata moja nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba haina mtu. Hicho ndicho kitu ninachoshukuru kuliko vyote, na nilikuwa na miaka thelathini na nane nilipojua kwamba yule mtu aliyekuwepo kila siku ulikuwa wewe. Mama alikuwa shambani.

Uliacha shule darasa la nane. Miaka mitano baadaye mimi nikaingia kidato cha kwanza. Kila mwisho wa muhula ripoti ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi, na wewe uliandika jina lako lote kwa herufi kubwa, ukatoka nje ya mstari. Mwalimu aliniuliza, "Huyu ni mama?" Nikamwambia ni dada. Hizo ripoti ninazo. Ni kumi na mbili, miaka minne, mihula mitatu, hakuna hata moja iliyokosa jina lako.

Mara kumi na mbili uliliandika ili mimi niendelee. Mara moja tu ilikuwa zamu yangu kuliandika.

Unajua programu ya mazishi, kile kitabu kidogo, niliipanga mwenyewe. Niliandika watoto wa marehemu ni wanne, na wewe wa kwanza. Jumanne, kwenye kamati, baba mkubwa alivaa miwani akasoma, akanivuta kando. "Hiki kitabu kitafika kwa chifu wakati wa kugawa shamba. Weka waliozaliwa na mama yako tu. Huyo msichana tutamwelezea baadaye." Sikubishana. Nilijiambia ni karatasi tu. Nikaenda Thika, nikasimama nyuma ya kijana wa kuchapisha, nikamwonyesha mstari wa kutoa. Akafurahi, kwa sababu sasa maneno yote ya wasifu yaliingia ukurasa mmoja. Nakala mia mbili. Watoto watatu.

Kaburini mwongozaji alisoma vile ilivyoandikwa. "Watoto wote watatu wa marehemu wasogee na shada lao." Nilisogea. Wairimu alisogea. Mbugua aligeuka kukutafuta, nikamshika mkono wa koti. Wewe ulikuwa kwenye nguzo ya hema, umebeba sweta ya mama. Wakaitwa wajukuu, majirani, akina mama wa kanisa. Halafu wakaitwa wachuma kahawa wenzake, na hapo ndipo ulipotoka, ukaweka ua lako katikati yao.

Baadaye ulikuja kwangu ukikausha mikono kwa leso. Nilijitayarisha. Ukasema, "Kariuki, kitabu nimekisoma chote. Picha ya mama imetoka vizuri." Ukarudi kwa sufuria.

Mimi pia nina lalamiko, na nitalisema. Kwa nini hukunigombeza? Karani ulimgombeza mbele ya watu hamsini kwa ajili ya debe moja. Mimi nilikunyang'anya mama, na ukanisifia picha. Ungenichapa kofi tungekuwa tumemaliza jioni hiyo hiyo. Badala yake umenipa miaka minne ya kubishana na mtu ambaye hayupo, na sijawahi kushinda.

Na chifu, kama unataka kujua, hakukisoma. Alikitumia kujipepea, kulikuwa na jua.

Nimekutafuta. Niliambiwa unapikia wanafunzi chapati mtaa wa Kahawa Wendani. Nimeenda mara tatu. Githurai 45 mama mmoja wa mboga aliniuliza, "Nyambura gani? Hapa sokoni wako kumi, chagua." Nikacheka naye, nikanunua sukuma ambayo sikuihitaji, nikaenda kukaa ndani ya gari nusu saa.

Mimi niko Gitothua. Natengeneza milango na madirisha ya chuma, nimeandika watu sita kazi. Nyumba niliijenga mwenyewe, vyumba saba, mifereji minne ya maji humo humo ndani. Nikirudi mara nyingi wote wako kwa mama mkwe au kanisani, na nafungua kwa funguo zangu. Mke wangu ni mtu mzuri, lakini alinikuta nikiwa tayari nimevaa viatu, funza hakuwaona. Mbugua akipiga simu ni dakika mbili. Jumapili nyingine mimi huenda Gatuanyaga kufungua madirisha ya mama. Nilishuka mtoni juzi nikahesabu kupanda. Ni mia tatu na nane sasa. Nilisimama mlangoni na hiyo namba mdomoni, na hapakuwa na mtu duniani ambaye ingemhusu.

Sasa mtoto. Baba mkubwa anasema aitwe Wairimu, dada wa damu. Wairimu mwenyewe alimjibu kwenye simu, nikisikia: "Mimi siruki foleni. Mbele yangu kuna mtu." Mke wangu amekubali chochote. Lililobaki ni lako. Nikimpa jina lako nawe hututaki, nitakuwa nakuita mara ishirini kwa siku ndani ya nyumba yangu, na anayeitika ni mwingine. Hilo siliwezi. Shamba bado halijagawanywa na sikuiti uje kuweka sahihi. Nimeshawaambia tuko wanne, atakayebisha abishane na mimi.

Jumapili watu wanakuja kumwona mtoto na jina litatajwa. Nijibu kabla ya Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Namba yangu haijabadilika na najua unaijua kwa kichwa. Usipitishe salamu kwa Wairimu, na usinyamaze, kwa sababu ukimya sitauhesabu kuwa ndiyo. Kama ni matusi, nipe yote, nitasikiliza mpaka mwisho. Lakini ukimaliza niambie neno moja. Unakubali aitwe Nyambura, uje umshike: ndiyo, ama la?

Mdogo wako,
Kariuki