Haikuwa Sombe Yako

Élisabethville, tarehe 11 Novemba 1962

Kwako Mama Clovis, rafiki yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U mzima huko Bakwanga? Clovis amekua? Sisi tungali hai, ingawa bunduki hazijanyamaza. Barua hii anakuletea padri, maana posta siiamini tena.

Unakumbuka nilivyolegea mwaka jana. Nilikula bukari kumshinda mume wangu Paulin, na bado nilikonda. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Kisha mapaja yakakataa: nikiketi kwenye kiti kifupi siinuki bila kushikwa, na mikono haifiki kichwani. Wewe ndiwe uliyenisuka nywele, ukaniogesha, ukanipikia majani ya sombe, huku mtaa ukinong'ona kwamba watu wa Kasai kama ninyi hawaaminiki.

Mwezi wa tano mwaka huu Paulin alinipeleka hospitali kwa baiskeli. Munganga alinipapasa shingo, akatazama macho yangu yaliyotoka nje, akaniambia nisimame bila kujishika. Nilishindwa. Akaeleza kwamba shingoni kuna tezi, yangu inafanya kazi kupita kiasi, na ndiyo inayokula misuli yangu. Nikamwuliza kama mtu anaweza kumtilia mwenzake ugonjwa huo katika chakula. Akasema hapana. Nikarudia kuuliza, akasema tena hapana. Nameza vidonge, sasa nachota maji mwenyewe.

Mama Clovis, uliniandikia ukiuliza nani aliwaleta mlangoni pako vijana wale waliowawinda watu wa Kasai. Ulimdhania jirani yetu Kasonde. Kasonde hakusema neno. Walianzia kwangu, Paulin akiwa kazini, wakaniuliza nani ameniroga. Niliogopa kufa. Nikawatajia jina lako: "Ni Mujinga. Alitia kitu mu sombe."

Nilisikia nyumba yako ikivunjwa. Nilimsikia mume wako Zéphirin akikuita, akikuita, halafu basi. Sitasingizia miguu. Sauti nilikuwa nayo, nikanyamaza.

Nawe, ulipokuwa katika kambi ya wakimbizi, hata arobaini ya Zéphirin haijafika, ulimtuma mtu aniulize kama nimepata wa kunisuka.

Siombi jibu. Clovis akikua, mwambie jina langu, Kasonde asibebe lisilo lake. Paulin nimemwambia juzi. Tangu hapo hasemi nami. Msalimie mama yako, na wote waliokupokea.

Ni mimi,
Adolphine, uliyekuwa ukimwita dada