Ijumaa Kule Devon ni Siku ya Kazi

Al Rayyan, Jumatano, Julai 2016

Joto la leo halina adabu. Nimetoka kazini mara moja saa tano asubuhi kufuata bahasha, nikashika usukani, ukanichoma viganja. Miwani imepata ukungu, sare imenigandia mgongoni, na bado nilikuwa naimba. Niliporudi, mlinzi wa getini, Mganda mmoja mpole, akaniuliza, "Sista, leo umepewa nini?"

Nikamwambia viza.

Viza zimetoka! Zote nne: yangu, ya Baba Mghoi, ya Mghoi na ya Eliya. Nimezipanga mezani kama karata na kila nikipita naziangalia tena, nisije nikawa nimesoma vibaya.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni muuguzi, mume wangu anashughulika na kompyuta za ofisi moja mjini, na huu ni mwaka wetu wa saba Doha. Mghoi ana miaka tisa. Eliya ana mitano, na amezaliwa hapa hapa. Tunakwenda Uingereza, kaunti ya Devon, kumtembelea dada yangu Wakio anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Hatujaonana uso kwa uso kwa miaka tisa. Nikienda nyumbani Taita mimi, yeye hana likizo. Akipata yeye, mimi niko zamu. Tumeishia kuonana kwenye simu, yeye akinionyesha dari yake na mimi nikimwonyesha kidevu.

Tangu Wakio anitumie kwa posta sweta za watoto, na chini yake rundo la vipeperushi vya matembezi ya familia, sijatulia. Nimevisoma vyote. Kuna mapango ya kuingia na taa. Kuna ngome ya kale yenye mizinga. Kuna shamba ambako watu wanalipa kiingilio ili wanyweshe mbuzi maziwa kwa chupa na kukamua ng'ombe. Mimi, niliyekamua kila asubuhi kabla ya shule, sijawahi kupewa hata soda, sasa naenda kulipia! Na kuna mahali wanapotunza punda wazee. Si mzaha. Punda wamestaafu, wana zizi safi na daktari wao, na familia zinakuja kuwasalimu. Baba Mghoi alisoma kile kipeperushi mara mbili, akakiweka chini, akasema, "Punda kastaafu. Mimi bado."

Lakini kilichomshika yeye ni treni. Ile ya makaa, yenye moshi na king'ora, inayopita mashambani mpaka baharini. Baba yake alipakia makaa kwenye injini pale Voi enzi hizo, na mume wangu hana hadithi nyingine akianza kusimulia utoto wake. Mtu mwenye akili angesubiri viza kwanza. Mimi nilinunua tiketi za treni mwezi uliopita, nne, za Jumapili, tarehe haibadilishwi.

Watoto ndio wananichekesha. Kiangazi cha hapa, kutembea kwao ni kutoka mlangoni hadi garini, garini hadi kwenye jumba la maduka, basi. Juzi nilimwambia Eliya tutashinda nje kutwa nzima. Akafikiri, akaniuliza, "Na nje nani anawasha AC?"

Basi, ratiba. Niliichora kwenye karatasi kubwa ya manila nikaibandika kwenye friji. Tunafika Jumamosi usiku, tunaondoka Jumamosi inayofuata alfajiri. Siku sita kamili, Jumapili hadi Ijumaa, na kila siku nimeijaza. Ijumaa niliipaka kijani kwa kalamu ya Mghoi, nikaandika kwa herufi kubwa: SIKU YA FAMILIA, WAKIO YUPO. Ufukweni, kapu la chakula, kaa wa kwenye miamba, wote pamoja. Siku nyingine nilizijaza matembezi yetu sisi wanne, kwa sababu Wakio atakuwa kazini.

Sikumuuliza ana mapumziko lini. Ya nini? Huku Doha, Ijumaa kila mtu si yuko nyumbani?

Leo saa sita mchana, nikiwa kwenye mapumziko yangu na yeye kwenye chai yake ya saa nne, nikampigia kumwambia habari ya viza. Akapiga vigelegele mpaka nikasikia mzee mmoja huko nyuma akiuliza kuna nini. Kisha nikamtumia picha ya ratiba. Nilikuwa nasubiri anisifu.

Badala yake nikamsikia akizisoma siku moja moja.

"Mdogo wangu," akasema, "Ijumaa kule kwako ni nini?"

"Ni Ijumaa. Siku ya kupumzika."

"Huku Ijumaa ni kazi. Hiyo wiki niko kazini Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Na wewe hapa Jumapili umeniandika niko kazini. Jumapili ndiyo nitakuwa home!"

Tukacheka. Tulicheka sana, kusema kweli, yeye akinitania kwamba nimekuwa Mwarabu kabisa. Ni kweli, miaka saba mtu huanza juma lake Jumapili asubuhi kazini. Hata kanisani tunakwenda Ijumaa, ndiyo maana nilipomweleza Eliya kwamba kwa mama mkubwa ibada ni Jumapili, alisikitika kwamba wamechelewa.

Halafu kicheko kikaisha, na mimi na yeye tukahesabu, kila mtu upande wake. Jioni zake tano atarudi hoi. Ninaijua zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, inamwacha mtu na macho tu. Kwa hiyo katika wiki nzima niliyoingojea miaka tisa, tuna siku moja. Jumapili. Na Jumapili hiyo nimeikatia tiketi nne za treni.

Wakio aliangalia hapo hapo kama ataongeza ya tano. Zimekwisha. Ni likizo za shule, treni ina mabehewa machache.

Nimerudi nyumbani nimeshika viza nne, siimbi tena. Nimesimama mbele ya friji nikaiangalia ile kazi yangu ya sanaa, na nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa naichora.

Sikuweka hata saa moja ya mimi na Wakio peke yetu.

Mapango nimeyawekea saa tatu. Punda nimewapa asubuhi nzima. Niseme ukweli hapa, kwa kuwa sijaweza kuusema kwenye simu: naogopa. Mama alipofariki mwaka juzi, mimi nilikwenda kumzika. Wakio hakuweza, karatasi zake za ukaazi zilikuwa zinashughulikiwa upya, na akitoka asingeruhusiwa kurudi. Alifuatilia mazishi kwenye simu ya binamu yetu, picha ikikwama kwama. Hatujawahi kukaa mimi na yeye tukamlilia mama. Tukipigiana tunazungumza sweta. Nadhani nilijaza ile karatasi makusudi, bila kujua ni makusudi, ili pasiwe na nafasi ya yeye kuniuliza mama alisema nini siku zile za mwisho.

Na nina la kumwambia. Mama alimtaja yeye.

Baba Mghoi alirudi saa tisa, akanikuta nimekaa jikoni na kalamu ya kijani. Nikamweleza yote. Akasikiliza bila kuvua viatu, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya tiketi. Akatoa moja akaiweka mbele yangu.

"Mpe Wakio yangu. Nitawapungia mkono stesheni."

Nilimtazama mwanaume huyu ambaye jana alikuwa anamwigizia Eliya king'ora cha treni sebuleni. Alikuwa anajaribu kutabasamu. Nampenda, na sijamwambia siku nyingi, basi naandika: nampenda.

Lakini nikakataa. Nikamwambia arudishe ile tiketi kwenye bahasha, atapanda yeye, na akae dirishani na watoto wake awasimulie habari za Voi mpaka wachoke. Mimi sipandi.

"Hupandi? Ukae wapi?"

Stesheni. Wakio aliniambia mchana pana benchi na kibanda cha chai, na tangu treni iondoke hadi irudi ni muda wa saa nne na nusu. Nitakaa na dada yangu pale. Kukinyesha, kuna paa.

Akazihesabu tiketi tena. Baba Mghoi ni mtu asiyetupa hata kamba ya mfuko. "Na hii tiketi yako? Si tumeshalipa? Ipotee bure?"

"Ipotee."

Sijawahi kulitamka neno kwa furaha namna hiyo. Mghoi, aliyekuwa akisikiliza kutoka sebuleni, alikuja na kifutio akaanza kuisafisha Ijumaa, kijani kikachafua karatasi nzima. Sikumzuia. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye Jumapili, MIMI NA WAKIO, STESHENI, halafu nikampelekea Wakio picha.

Amejibu sasa hivi, nikiwa katikati ya kuandika haya. Sentensi moja tu: "Utaniambia kila kitu kuhusu mama?"

Nusu yangu inaogopa, nusu inafurahi, sitadanganya. Nimemwandikia ndiyo. Nimemwambia alete leso, mbili.