Beleshi la Kikue, Paa la Tokuji

KITUO KIDOGO CHA POLISI, KAMISAWA, MKOA WA NIIGATA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kuwabara Sumie
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 58
Kazi: Msusi na kinyozi, mwenye saluni mkabala na posta
Makazi: Kamisawa
Kuhusu: Kujeruhiwa kwa Hoshi Tokuji, mwanamume, miaka 81
Yameandikwa na: Sajini Sekiya, tarehe 4 Februari, saa saba mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa miguu, theluji ikinifika magotini, kwa sababu nimesikia Bi. Kikue anatuhumiwa kumpiga Mzee Tokuji kwa beleshi. Tena nimesikia kwamba alipoulizwa hapahapa kituoni alijibu, "Ndiyo, nilimpiga," akanyamaza. Afande, wewe umehamia huku mwezi wa tisa, humjui. Ukimwuliza yule mama umempiga, atasema nimempiga. Ilikuwaje, hasemi mpaka uulize. Mimi nasema bila kuulizwa.

Mnamo tarehe 2 Februari, mnamo saa tano asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa Ikarashi Kikue, mjane wa miaka 77, nikimkata nywele. Theluji ikizidi nawafuata wazee majumbani, maana wakija wao kwangu nitawaokota njiani. Nilikuwa nimemfunga shuka langu la kunyolea, lile la rangi ya machungwa. Upande wa kulia nilikuwa nimeshamaliza, nahamia wa kushoto.

Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo, na asubuhi ile jua likatoka. Jua la namna hiyo sisi hatulishangilii. Theluji ya mapaani hulegea, na mwenye akili zake hapiti hata chini ya upenu. Lakini tulikuwa tunamsikia Mzee Tokuji, jirani wa Bi. Kikue, yuko juu ya paa lake anaondoa theluji.

Bi. Kikue akasonya. "Lisikie hilo zee. Jua lote hili, limepanda. Na chini hakuna mtu."

Nikamwambia mwanawe, Hideaki, amekuja kutoka Tokyo kumsaidia, bila shaka amesimama chini.

"Gari limeondoka muda si mrefu," akasema. "Yuko peke yake. Na kamba hajajifunga, namjua."

Madirisha yake yote yamezibwa kwa mbao tangu Novemba, theluji isiyavunje, kama ya kwetu sote. Haoni nje. Yote hayo aliyajua kwa masikio.

Hapa lazima niseme jambo ambalo Hideaki amelisema nusu alipoleta malalamiko yake. Ni kweli hawa wazee wawili walinuniana. Miaka kumi na moja iliyopita Mzee Tokuji alisukuma theluji ya paa lake ikaangukia upande wa Bi. Kikue, ikavunja mplamu, mti wa matunda uliopandwa na marehemu mumewe. Ulikatika ukabaki kisiki. Mzee alikwenda kuomba radhi na chupa ya sake, pombe yetu ya mchele, akafungiwa mlango. Tangu hapo hakuna salamu. Ule ubao wa matangazo ya mtaa tunaopitishiana nyumba hadi nyumba, Bi. Kikue anautundika kwenye kitasa cha Mzee Tokuji na kuondoka bila kubisha hodi. Kijiji kizima kinajua, na watoto wamefanya mchezo wa kuigiza wanavyopishana barabarani.

Ila nusu ya pili Hideaki haijui, kwa sababu anaishi Tokyo. Tangu mti ule uvunjike, Mzee Tokuji hajatupa tena hata beleshi moja upande wa Bi. Kikue. Theluji ya upande ule anaikata, anaibeba, anapanda nayo mpaka mgongo wa paa, anavuka, ndipo anaitupa upande wa barabara. Kila msimu. Kazi ya asubuhi moja inamchukua siku nzima, na umri ule! Mti nao ulichipua kisikini, sasa umempita Bi. Kikue kimo, naye kila vuli, kabla ya theluji, anaufunga miti ya kuegemea na kamba za mabua usielemewe. Yeye anaufunga, mwenzake anaukwepesha, na hakuna anayesema neno. Mimi nilidhani Bi. Kikue hajui. Nilijidanganya.

Basi tukiwa tunasikiliza, sauti zilikuwa zilezile: beleshi linakata, hatua zinapanda, theluji inatupwa, hatua zinarudi. Mara kishindo. Theluji ya upande wa barabara iliporomoka yote kwa mkupuo, vikombe vikagongana kabatini. Mimi niliruka. Bi. Kikue akatoa mkono ndani ya shuka akauinua.

"Nyamaza."

Paa kuporomosha theluji si habari hapa kwetu. Yeye alikuwa anasubiri pigo la beleshi linalofuata. Halikuja. Nimekata nywele za watu zaidi ya miaka thelathini, nimeziona nyuso zao kwenye kioo wakielekea harusini na msibani. Uso kama ule sijawahi kuuona.

"Tokuji," akasema. Hakusema "zee," hakutukana.

Akaniponyoka. Shuka shingoni, nywele nusu nusu, akachukua beleshi lake la bati lililokuwa mlangoni, akatoka na kandambili za ndani. Mimi nilipiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakasema wanakuja lakini barabara ya bondeni ndiyo kwanza inafunguliwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, afande. Nikakata simu nikamfuata.

Chini ya upenu wa Mzee Tokuji palikuwa na rundo linanifika kifuani, na ngazi imelala. Mtu haonekani. Nilianza kulipanda rundo, Bi. Kikue akanivuta mkono nusura anitegue bega.

"Unataka kumkanyaga? Shuka! Tunamfuata ubavuni."

Kisha akatazama juu, si chini. Akatafuta nyayo za mzee zilipokatikia paani, akateremsha macho taratibu mpaka kwenye rundo. "Yuko hapa," akasema, akaanza kuchimba. Theluji ya paa ikishaanguka hushikana kama saruji. Mimi nilichimba kwa beseni la bafuni kwa Mzee, kwa kuwa sikupata kingine. Muda wote yule mama alikuwa anamtukana.

"Tokuji! Zee kichwa maji! Nilikwambia usipande peke yako!" Hakuwa amemwambia kitu miaka kumi na moja. "Tokuji! Ukifa leo nani nitamnunia? Eh? Nijibu!"

Aliyasema hayo machozi yanamtoka. Naomba iandikwe hivyo.

Beleshi likagota. Alipolichomoa lilikuwa na damu nchani. Mimi nilipiga yowe. Yeye akaitazama ile damu, akasema, "Inatoka. Basi yu hai." Akalitupa beleshi nyuma yake, akachimba kwa mikono mitupu. Hiyo ndiyo "Ndiyo, nilimpiga" aliyokwambia. Jeraha la kwenye paji la uso ni la beleshi lake, hapo hakudanganya. Lakini muulize pia kucha zake mbili za mkono wa kulia ziko wapi.

Uso ulitokea, umekuwa wa rangi ya majivu. Bi. Kikue akamtia kidole mdomoni akakomba theluji, mara ya kwanza, mara ya pili. Mzee akakohoa. Mimi nikakaa palepale kwenye theluji. Mzee Tokuji akafungua macho, akamtazama, akasema maneno yafuatayo, nami niliyasikia kwa masikio yangu:

"Umechelewa."

Bi. Kikue akajibu, "Nilikuwa nanyolewa."

Mzee akamwangalia kichwa, akasema, "Wamekunyoa vibaya." Akafumba macho tena.

Naomba iandikwe kwamba kazi yangu ya kunyoa ilikuwa haijaisha.

Miguu yake ilikuwa bado imebanwa. Bi. Kikue akaliokota tena beleshi, akawa anapasua theluji kwa nguvu karibu na nyonga ya mzee. Hapo ndipo Hideaki alipofika na gari, alikuwa amekwenda mjini kununua mafuta ya taa ya jiko. Sasa jiweke mahali pake. Baba yako kalala, uso umejaa damu. Adui yake, nywele upande mmoja, amevaa shuka la machungwa, anainua beleshi. Ningekuwa mimi pia ningepiga kelele. Akapiga kelele, "Unamuua baba yangu!" akamsukuma. Bi. Kikue alianguka chali.

Nilitegemea atamrukia, maana ulimi na mkono wa yule mama vinajulikana. Aliinuka, akajikung'uta, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, ukishamaliza kunisukuma, chimba hapo kushoto. Mguu wa kushoto ndio umebanwa."

Hideaki akachimba. Wakachimba wote wawili, yeye analia na yule mama anamwelekeza, mpaka gari la wagonjwa likafika. Mzee alivunjika nyonga. Mpaka leo bado wanamlaza kwa dawa, hajaweza kusimulia lolote, ndiyo maana nasimulia mimi.

Hideaki simlaumu sana. Ameniambia mwenyewe alimwomba baba yake amsubiri arudi. Anayetakiwa kusimama chini alikuwa ni yeye, na jambo hilo linamlemea. Mtu akilemewa hivyo hutafuta wa kumbebesha.

Sasa nafika kwenye jambo lililonitoa nyumbani leo. Nusu ya paa la Mzee Tokuji imeshuka theluji yote. Nusu nyingine, inayoelekea kwa Bi. Kikue, imejaa bado, maana mzee alikuwa ndiyo kwanza anaivusha. Nyumba ikibeba mzigo upande mmoja inakwenda mrama. Jana milango ya kule ndani ilikuwa imeanza kukataa kufunguka, Hideaki alikuja kwangu kuuliza kwa nini. Na redio inasema theluji kubwa nyingine inashuka usiku wa leo. Mzee akitoka hospitali bila nyumba, atahamishiwa Tokyo kwenye chumba cha ghorofani, na kule hatamaliza mwaka. Tunajua sote, tumeshawazika wawili waliohamishwa hivyo.

Leo asubuhi, kumekuwa na wingu na baridi kali, nikasikia beleshi. Nikatoka. Bi. Kikue yuko juu ya paa la Mzee Tokuji, kamba kiunoni. Najua ulimkataza asikanyage kiwanja cha Mzee mpaka uchunguzi uishe. Hajakikanyaga. Ngazi ameiegemeza upande wake. Nilimwuliza kama ana kichaa, akasema, "Afande alisema kiwanja. Hakusema paa."

Nikasimama chini, kwa sababu hapandi mtu bila mtu wa chini. Nilingoja aanze kuibeba kuivusha ng'ambo kama alivyokuwa akifanya Mzee Tokuji. Hakuibeba. Aliikata na kuiachia palepale, ikaanguka upande wake mwenyewe, juu ya mplamu. Tawi la kwanza lilikatika nikalisikia. Nikapaza sauti, "Bi. Kikue, mti! Mti wa mumeo!"

Hakugeuka. Akasema, "Nikianza kuivusha, theluji ya usiku itanikuta hapa, na nyumba itaanguka. Miaka kumi na moja nalala nalisikia hili zee linabeba. Unadhani mimi kiziwi? Mti ulishavunjika ukachipua. Nyumba haichipui."

Akaendelea kukata. Mimi nililia, afande, sioni haya kusema. Nimekaa Kamisawa maisha yangu yote, nimeona watu wakigawana mchele, nimeona wakigawana kaburi. Mtu kuuzika mti wake ili jirani aliyenuniana naye apate pa kurudi, hilo sijaliona kabla ya leo.

Tumepumzika kula chakula cha mchana. Amesema anapanda tena saa nane, niwepo au nisiwepo. Kwa hiyo kama una swali, uliza upesi.

Nimesema niliyoyaona na kuyasikia, sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Kama kuna wa kushtakiwa, lishtakiwe jua.

Sahihi: Kuwabara Sumie

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayathibitisha kuwa ni sahihi. Aliomba neno "vibaya" kuhusu nywele lifutwe. Sikulifuta, kwa kuwa ni kauli ya majeruhi. Kwa sababu ya muda nilimrudisha shahidi kwa gari la kituo ili kukagua eneo la tukio. Tulifika saa nane na dakika chache. Mtuhumiwa alikuwa tayari yuko juu ya paa. Mlalamikaji, Bw. Hoshi Hideaki, alikuwa amesimama chini ameshika kamba ya mtuhumiwa kwa mikono yote miwili, na alinieleza kwamba anaondoa malalamiko yake lakini kwa sasa hawezi kusaini. Mtuhumiwa aliponiona aliniambia nisisimame bure, nishike ngazi. Niliishika mpaka alipomaliza.

Sajini Sekiya